Nilivyomkimbia Bi Mkubwa, Kisha Nikamkimbilia

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi ya viungo, hospitalini, nikisubiri karatasi ya mgonjwa wangu. Kando yangu alikaa mwanamke wa makamo, na mbele yake mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umekwenda upande. Kisha yule mwanamke akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, mtu wa namna hii unamuuguza muda gani kabla hujaanza kumchukia?"

Aliposikia alichokisema mwenyewe, akajifunika mdomo kwa mtandio. Nilimwambia asione haya, maana swali hilo nalijua. Nilianza kumjibu, lakini jina la mzee wake likaitwa, akasukuma kiti akaingia. Haya ninayoandika ni ule mwisho wa jibu langu.

Mimi naitwa Mwanahamisi, naishi Rasbura, Lindi mjini. Nina miaka arobaini na saba. Kazi yangu ni ukarani wa mizani kwenye ghala la korosho, na msimu ukifungwa nashona nguo nyumbani. Niliolewa mke wa pili na marehemu Bakari. Mke wake wa kwanza, Bi Somoe, alibaki Kitomanga kwenye mashamba ya ufuta na mikorosho. Kwa miaka ishirini mimi na yeye tulionana kwenye sikukuu, harusi na misiba tu. Nilimwita bi mkubwa, akaniita bi mdogo, tukapeana mikono, basi.

Bakari alifia nyumbani kwangu, kwa presha, asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Tulimzika Kitomanga. Siku ya tatu ya matanga, wanawake wamejaa ukumbini, Bi Somoe akanitazama, akasema kwa sauti iliyofika kila pembe, "Nilimtoa hapa mzima. Nimerudishiwa maiti." Mimi nilikusanya nguo zangu, nikaenda kukaa eda nyumbani kwangu. Miaka mitatu hatukuonana wala kupigiana simu.

Mwezi wa sita, watu wakiwa wanakung'uta ufuta, ikaja simu kutoka kwa Zuhura, binti yake wa pekee anayeishi Dar es Salaam.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama alianguka shambani juzi, wakadhani ni jua. Wamemleta hospitali hapo Lindi leo. Mimi nipo njiani na mtoto mgongoni. Nakuomba ukamwangalie tu mpaka nifike."

Nilikwenda. Sikwenda kwa mapenzi, ningekuwa nasema uongo. Nilikwenda kwa sababu Zuhura aliniomba vizuri, na kwa sababu hospitali ni mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu. Nilimkuta Bi Somoe kalazwa chali, jicho la kulia halifungi, mate yanatiririka hadi kwenye mto. Mkono wa kulia uko kama kitu alichowekewa kitandani, si chake. Mwanamke yule aliyekuwa akibeba viroba viwili vya ufuta kutoka shambani. Aliponiona, alijaribu kugeuza uso ukutani, ukamshinda. Ikabidi anitazame.

Siku za mwanzo zilikuwa za benchi. Benchi la wodini, benchi la duka la dawa, benchi la vipimo. Unajifunza ni ubao upi unaochana nguo, muuguzi yupi ukimsalimia vizuri atakueleza. Daktari alisema ni kiharusi. Mtaalamu wa mazoezi, bwana mmoja mwenye mvi anayeitwa Felisi, mwenyeji wa Rutamba, ndiye aliyetueleza kwa lugha ya nyumbani. "Huu mwili haujafa, umesahau," alisema. "Tutaukumbusha. Lakini miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida. Nataka nimwone mara tatu kwa wiki. Mkimrudisha shamba, atabaki alivyo."

Zuhura alinitazama, kisha akatazama sakafu. Mjini Lindi hawakuwa na ndugu mwingine mwenye nyumba.

Dada yangu Fatu alikuja siku niliyomhamishia Bi Somoe chumbani kwangu. Alisimama jikoni mikono kiunoni.

"Umesahau alichokusema mbele ya watu?"

"Sijasahau."

"Sasa?"

"Sasa, dada, nisaidie kubeba godoro."

Alinisaidia, lakini baada ya hapo hakukanyaga kwangu kwa miezi mingi.

Zuhura alikaa wiki tatu, kazi ikamwita, akarudi Dar. Nikabaki na bi mkubwa, wawili tu. Hapa ndipo nataka yule dada wa kwenye benchi anisikilize. Watu watakwambia habari ya dawa na mazoezi. Hawatakwambia habari ya uzito. Mtu aliyepooza ni mzito kuliko alivyokuwa mzima. Kumgeuza kila baada ya saa mbili asichubuke mgongo, kumwinua kumwosha, kumbadilisha, kumlisha uji kwa kijiko kidogo huku ukimwinamisha kidevu asipaliwe. Kiuno changu kilianza kuuma hata nikiwa nimelala. Halafu kuna aibu, yake na yangu. Mara ya kwanza nilipomwosha alifumba macho kwa nguvu kama mtoto anayechomwa sindano. Nami niliongea mfululizo mambo yasiyo na maana, bei ya uzi, habari za majirani, ili chumba kisinyamaze.

Na maneno yalimpotea. Lilibaki moja tu: chumvi. Hatukujua kwa nini hilo. Akitaka maji, chumvi. Akiumwa bega, chumvi. Akitaka kusaidiwa haja, chumvi, chumvi, chumvi, macho yamemtoka kwa hasira kwamba mimi sielewi. Bwana Felisi alisema kichwani mwake maneno yote yapo, ni mlango uliokwama. Nilikubali, lakini kukubali hospitalini ni rahisi. Nyumbani, saa tisa alasiri, jua kali, nguo za wateja hazijashonwa, mtu anakupigia kelele ya chumvi, ni jambo lingine.

Siku moja ya mwezi wa nane nilimletea chai, akasema chumvi. Nikaleta maji, chumvi. Nikamgeuza, chumvi. Nikaleta kopo, akalisukuma kwa mkono wake mzima likamwagika kitandani nilipotoka kutandika shuka safi. Nikamwambia, "Yule uliyemtoa mzima alikuwa mume wangu pia." Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu. Kisha nikatoka nje nikamwacha kwenye shuka lililolowa.

Nilitembea tu, sijui ninakwenda wapi. Karibu na uwanja wa shule nikakuta kundi la watu wanajinyoosha, wanaume kwa wanawake, wengine watu wazima kama mimi. Ilikuwa klabu ya jogging ya mtaani. Kiongozi wao, Mwalimu Issa, mstaafu wa shule ya msingi, alinifahamu kwa sababu nilimshonea kanzu.

"Mama Mwanahamisi, umekuja kujiunga?"

Sikuwa nimekuja kujiunga. Nilikuwa na kandambili na dera. Lakini nilisema ndiyo. Nilikimbia nao mpaka pumzi ikanikatika, labda mita mia tano, nikasimama nimeshika magoti. Nilipoinuka niligundua kwamba kwa muda ule wote sikumfikiria Bi Somoe hata kidogo. Nilirudi nyumbani, nikambadilisha shuka, nikamwomba radhi. Alinitazama tu. Lakini siku ya pili, jirani alipokuja kukaa naye, nilivaa raba na suruali chini ya gauni, nikaenda tena.

Tangu hapo nilikimbia jioni tatu kwa wiki, na Jumamosi alfajiri. Maneno yalikuwepo, mjane wa miaka yangu anatimka barabarani na vijana. Yalinipita. Magoti yaliuma, kucha ya dole gumba ilitoka. Lakini ile saa moja ilikuwa yangu. Kiswahili chetu kinalisema vizuri: nilikuwa namkimbia. Nilikimbia ili niwe mbali naye, na sikumwambia mtu.

Mikorosho ilipochanua, fedha ya ufuta wake ilikuwa imekwisha, na yangu inafuata. Hatukuwa na bima. Bajaji ya kwenda hospitali na kurudi, dawa za presha, mazoezi, vyote vilidai. Tulipunguza kutoka mara tatu kwa wiki hadi mara moja. Bwana Felisi hakulalamika, ila alipoukunja ule mguu aliuona umekakamaa, nami nikaona.

Na ndiyo siku hiyohiyo kilipotokea kitu. Alikuwa anamkunja goti akihesabu kama kawaida yake, "Moja. Mbili." Akakohoa, akasita. Bi Somoe akaendelea: "Tatu. Nne. Tano."

Tulitazamana wote watatu. Akafika kumi na mbili. Nilipomwambia, "Bi mkubwa, umesema," akajibu, "Chumvi." Lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Bwana Felisi alifurahi kama amepata mtoto. "Hesabu hukaa sehemu nyingine ya kichwa," alisema. "Hapo tumepata pa kushika. Msinikatishie huyu mtu sasa."

Nilimweleza Mwalimu Issa, si kwa kuomba, nilikuwa nalia tu baada ya mazoezi. Baada ya siku mbili akaja na wazo. Klabu iandae mbio za hisani za kilomita kumi, mwezi wa kwanza, watu walipie kushiriki, wenye maduka wachangie, fedha yote iende kwenye matibabu ya Bi Somoe. "Na wewe ndiye utakayekuwa mkimbiaji wetu wa mbele," akasema. "Watu wakijua unamkimbilia mke mwenza, watajitokeza."

Walijitokeza kweli. Mtaani nikawa mfano. Wanawake wasionijua walinishika mkono sokoni wakaniambia nina moyo wa pekee. Imamu alinitaja kwa wema. Nami kila nikisifiwa nilihisi nimevaa nguo ya kuazima. Usingizi ukanipungua. Zuhura alikuwa amechukua likizo ndefu akaja na mtoto, maana msimu wa korosho umefunguliwa na mimi nashinda ghalani. Nilimsubiri atoke kwenda dukani, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Bi Somoe.

"Bi mkubwa, nina neno. Wanasema nakimbia kwa ajili yako. Sikuanza hivyo. Nilianza kukimbia ili nisikuone. Nilikuwa nimekuchoka. Siku nyingine bado nimekuchoka. Nimeona afadhali ulijue kutoka kwangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukaanza kutikisika, upande mmoja tu, na nikadhani anapata kiharusi kingine. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, nikamgonga mgongoni, nami nikaanza kucheka. Alipotulia aliinua mkono wake wa kushoto, akanyoosha kidole mlangoni. Ilikuwa saa kumi na moja, saa ya mazoezi. Nikavaa raba.

Wiki moja kabla ya mbio, Mwalimu Issa alikuja na ombi. Walitaka siku hiyo Bi Somoe apelekwe uwanjani, akalishwe kwenye kiti mbele ya meza ya wageni.

"Watu hawachangii wasichokiona," alisema kwa upole. "Dakika kumi tu. Tunamrudisha."

Bi Somoe alikuwa anasikia, mlango uko wazi. Nilimwona akivuta upande wa kanga kwa mkono mzima, akaufunika mdomo wake uliopinda. Mwanamke aliyesema maneno yake mbele ya matanga mazima bila kutetemeka. Sikuwahi kumwona anaogopa watu.

"Mwalimu," nilisema, "hatokwenda."

"Mama, fikiria. Fulana zenyewe za mbio hatujamaliza kuuza."

"Nimeshafikiria. Anayetaka kuona, atanitazama mimi ninavyohema. Kama haitoshi, basi tuahirishe."

Alizungusha kofia yake mikononi. Nilijua ninachokiweka rehani: miezi ile ambayo Bwana Felisi alisema ndiyo yenye faida. Mwishowe alisema, "Haya. Mimi mwenyewe mama yangu nisingemtoa." Akaaga.

Siku ya mbio mvua ilianza tangu alfajiri. Nilidhani hakuna atakayekuja. Walikuja, wengine na mifuko ya plastiki kichwani. Wachukuzi wa ghalani kwetu walikuja kundi zima. Wanafunzi walikuja. Bwana Felisi alikuja amevaa kaptula, na sikujua kama ana miguu myembamba vile. Na karibu na mstari wa kuanzia, amejikunyata chini ya mwavuli, dada yangu Fatu. Alinifunga vizuri kilemba kisinilegee, akanisukuma mgongoni.

Tulishika barabara ya Mitwero. Kilomita tatu za kwanza nilikwenda na kundi. Ya nne wakaniacha. Nilipogeuza kwenye alama ya nusu njia raba zimejaa maji, kila hatua inalia. Kwenye ya saba mguu wa kulia ulikaza, ukawa hauinuki, nikawa nauburuta. Nilisimama kando ya barabara nikiushika, na hapo nikaelewa kidogo, kidogo tu, jinsi ilivyo kuuamuru mguu ukakataa. Mvua inanipiga usoni. Hakuna aliyekuwa ananiona. Ningeweza kupanda bajaji. Nikaanza kuhesabu kwa sauti kama tunavyohesabu chumbani kwetu, moja mpaka kumi na mbili, halafu tena moja. Sikuhesabu kilomita. Nilihesabu hatua kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka nikaona uwanja.

Nilifika karibu na mwisho. Nyuma yangu walikuwepo wazee wawili na mwanamke mjamzito aliyekuwa anatembea. Mwalimu Issa alinivisha medali ya karatasi iliyolowa, akaninong'oneza kwamba kilichopatikana kitatosha kumrudisha Bi Somoe kwenye mazoezi mara tatu kwa wiki hadi ufuta mwingine uvunwe. Nilimwomba arudie, nisikie tena.

Nilirudi nyumbani natetemeka. Zuhura alinipa maji ya moto, nikaoga, nikajitupa kwenye mkeka chumbani kwa Bi Somoe kwa sababu ndipo nilipofikia. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha chini. Alinitazama miguu iliyovimba. Kisha akainama polepole, mkono wa kulia umekaa tu pajani, akaushika mguu wangu kwa mkono wa kushoto, akauweka gotini kwake. Akaanza kuvikunja na kuvikunjua vidole vyangu vyote pamoja, kwa makini, kama anavyofanyiwa yeye.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Nilimwachia mguu. Alipofika kumi na mbili alichukua mguu wa pili. Zuhura alisimama mlangoni na mtoto begani, hakuingia.

Baada ya hapo mambo hayakuwa ya muujiza. Mvua za masika zilipoanza aliweza kusimama akishika dirisha. Mwezi wa nne alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni kwa mkongojo, mguu unachora mstari sakafuni. Maneno yalirudi moja moja, kwanza majina ya vyakula, kisha majina ya watu. Langu lilikuja baada ya la mtoto na la jirani, nikaumia kidogo. Mkono wa kulia haukurudi. Bwana Felisi ametuambia tusiusubiri sana. Kuna siku alilia kutwa bila sababu, na siku aliyokataa kula. Dada yangu Fatu alianza kuja, mwanzo kwa ajili yangu, baadaye nikawakuta wawili wao wanachambua mchele, na mimi sikujua hata kama amekuja.

Watu huniuliza kama aliniomba radhi kwa yale ya matanga. Hakuniomba, nami sikumdai. Nilisubiri hilo neno muda mrefu, hasa maneno yake yalipoanza kurudi. Siku moja nikagundua nimeacha kusubiri, na sikumbuki niliacha lini. Kwa hiyo dada yangu wa kwenye benchi, jibu langu ndilo hili: utamchukia mapema, pengine wiki ya kwanza. Usijishangae. Tafuta saa moja ya kuwa mbali naye, kisha rudi umbadilishe shuka. Chuki nayo huchoka, ikipata kazi nyingi za kufanya.

Bi Somoe alirudi Kitomanga msimu huu wa ufuta, kwa kutaka mwenyewe. Zuhura naye amehamia huko. Mimi nilimsindikiza nikakaa wiki moja. Siku ya nne, asubuhi, tuko uani, tukasikia kwa jirani wanaambizana kwamba bibi yao ameshindwa kushika kikombe, na maneno yake hayaeleweki. Wanasema ni jua la jana shambani, alale, atapoa.

Bi Somoe aliutafuta mkongojo wake. Nilitaka kumshika, akauondoa mkono wangu. Kutoka kwake hadi kwa jirani ni hatua ambazo mtu mzima hazihesabu, yeye zilimchukua muda. Watu wakatupisha. Alimwangalia yule bibi usoni, akaugusa ule upande ulioteleza, akawageukia wanawe.

"Hospitali," alisema. "Sasa hivi."

Mwana mkubwa akaanza kueleza kwamba gari ni la kutafuta, kwamba wangoje mpaka jioni waone. Bi Somoe alimwacha amalize. Kisha akakaa chini kwenye mkeka wao, jambo linalomtesa sana, akaunyoosha mguu wake mbovu mbele yao wote, akauweka ule mkono uliokunjamana juu ya paja mahali ambapo kila mtu angeuona. Kanga hakuivuta usoni.

"Nitazameni," alisema. "Mimi nilichelewa."

Gari lilipatikana. Nilimpigia Bwana Felisi simu tukiwa bado barabarani, mimi na yule bibi na mwanawe. Leo bibi huyo anatembea bila mkongojo, na Zuhura ananiambia kijijini hakuna anayeongea kuliko yeye.